Koti la Shemeji na Vijiko Viwili vya Soda

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali sita, kati ya banda la kuchaji betri na dirisha la Mama Keki, ambaye huoka keki ndani na kuuza kahawa nje kupitia dirisha hilohilo. Kila Jumamosi asubuhi hukaa watu walewale. Upande wa dirisha hukaa Mizani, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyepewa jina hilo kwa sababu haendi popote bila mizani yake ya kuning'iniza. Katikati hukaa Kinyozi, ambaye saluni yake iko ng'ambo ya barabara na husema kwamba anaisimamia vizuri zaidi akiwa hapa. Fundi Betri hakai. Husimama mlangoni mwa banda lake na glavu nyeusi za mpira, akisubiri mazungumzo yaharibike ndipo aingie. Mimi, binti pekee wa benchi hili, wananiita Maabara, kwa kuwa nilisoma kemia chuo kikuu na sasa nasubiri kazi, na kusubiri kwenyewe kunafanyika kwenye ubao huu. Jumamosi hiyo, saa tatu na dakika kumi, Kinyozi alifika na koti la buluu mkononi, akalilaza taratibu kwenye ncha ya benchi lisijikunje, akaagiza kahawa. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu juzi, na maji yote ya Mama Keki yalikuwa yameshakuwa kahawa. Hili nalitaja mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kuniuliza habari za maji.

— Koti la nani hilo? — akauliza Mizani. — Maana wewe na makoti hamfahamiani.

— La shemeji yangu, mume wa dada. Saa nne naenda kuonana na baba wa mchumba wangu. Mkaguzi wa shule mstaafu. Nimeambiwa ukiingia kwake anaanza kukuangalia viatuni, halafu anapanda juu polepole.

— Akifika kichwani atakuta umejinyoa mwenyewe, — akasema Mama Keki dirishani. — Hapo ndipo uchumba utakapovunjika.

— Akili ni nywele, Mama Keki. Kila mtu ana zake.

— Na wewe kazi yako ni kuzikata.

Kinyozi alikunywa kahawa yake kwa dakika tano, mgongo umenyooka kama mtu anayefanya mazoezi ya kukaguliwa. Kisha akalinyanyua koti alivae. Nyuma, kwenye pindo la chini, kulikuwa na unyevu wa ukubwa wa kiganja.

— Mbona limelowa?

Fundi Betri akatoka bandani. Akaitazama ncha ya benchi, akatazama mbingu, ambazo hazikuwa na wingu hata moja, akarudi nyuma hatua mbili.

— Fundi, — nikamwambia, — jana jioni uliweka nini hapa?

— Betri ya lori. Ndani hapakuwa na nafasi.

— Ilikuwa imesimama wima?

— Nilipoiacha, ndiyo.

— Na ulipoikuta asubuhi?

— Ilikuwa imejipumzisha kidogo kwa ubavu. Lakini tuelewane, mimi sikumwaga kitu. Iliyomwaga ni betri.

Nikamwomba Kinyozi aliachie koti na asiguse palipolowa, na Fundi, mwenye glavu, alishike yeye. Kisha nikawaeleza ukweli, ingawa nilitamani mtu mwingine aueleze. Asidi ya betri haitoboi kitambaa papo hapo. Kwanza maji yake yanakauka, asidi inabaki peke yake, inakuwa kali, na hapo ndipo nyuzi zinapoachia.

— Zitaachia lini? — akauliza Kinyozi.

— Kwa jua hili, baada ya saa moja hivi. Moja na nusu ukipata kivuli.

— Yaani nikiwa mbele ya mkaguzi.

— Huenda utakuwa umeshampa mgongo, — akasema Mizani kwa kumfariji. — Wahenga waliiona hii. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Maabara, — Kinyozi akanigeukia, na sauti yake ilikuwa imeshuka. — Dada yangu alimbembeleza mumewe wiki nzima nipewe hili koti. Niambie lina dawa.

— Lina dawa. Soda ya kuokea. Inaikamata asidi na kuimaliza. Mnaona povu, povu likiisha kazi imeisha.

Wote wakaligeukia dirisha. Mama Keki akalifunga nusu.

— Hapana. Nina keki ya mteja saa sita mchana. Soda iliyobaki ni vijiko viwili vya mezani, na duka linafunguliwa saa sita na nusu. Kwanza niambieni mnahitaji kiasi gani. Mimi sitoi kitu cha kubahatisha.

Lilikuwa swali zuri sana, na ndilo lililotuharibia asubuhi.

— Hilo halihitaji chuo, — akasema Mizani. — Kilo kwa kilo. Asidi robo kilo, soda robo kilo. Uzito kwa uzito, hakuna mwenye kumwonea mwenzake. Dunia nzima inaendeshwa hivyo.

— Haiendeshwi hivyo, — nikasema. — Asidi na soda hazipigani kwa uzito. Zinapigana kwa idadi.

— Idadi ya nini?

— Ya vichembe. Molekuli. Kila kichembe cha asidi hii kinahitaji vichembe viwili vya soda.

— Kwa nini viwili? — akauliza Mama Keki, na dirisha likafunguka kidogo.

— Kwa sababu asidi ya betri ina mikono miwili. Kila soda inakamata mkono mmoja tu. Ni kama mwizi anayehitaji askari wawili, huyu mkono huu, yule mkono ule.

— Askari mmoja mnene hatoshi? — akauliza Mizani.

— Hatoshi. Unene hausaidii. Kila askari anashika mkono mmoja.

— Basi huyo ni mzembe, aachishwe kazi. Mimi nilishashika watu wawili na mzani mkononi.

— Sasa vichembe vyenyewe utavihesabu vipi? — akauliza Kinyozi. Alikuwa ameanza kuangalia saa ya simu kila anapomaliza sentensi.

— Havihesabiki kimoja kimoja. Vinahesabiwa kwa mafungu, na fungu linaitwa moli. Mama Keki, wewe mayai unanunuaje?

— Kwa trei.

— Trei ina mayai mangapi?

— Thelathini.

— Ya kuku thelathini. Na ya kware?

— Trei ikiwa ya kware yatakuwa thelathini pia.

— Uzito je?

— Mbalimbali kabisa. Ya kware unabeba kwa kidole.

— Basi moli ni trei. Trei ya asidi ina gramu tisini na nane. Trei ya soda ina gramu themanini na nne. Idadi ni ileile, uzito hauko sawa. Na kila trei moja ya asidi inataka trei mbili za soda.

Vichwa vyote vikatikisika kwa kukubali. Niliwahi kuota nikifundisha darasa la namna hiyo. Likadumu muda wa funda moja la kahawa.

— Hiyo trei yako ya moli, — akasema Mizani, — ina vichembe vingapi?

— Mia sita na mbili, halafu unafuatisha sifuri ishirini na moja.

— Na nani alivihesabu?

— Walipiga hesabu kwa njia nyingine.

— Ahaa. Kwa hiyo hakuna aliyeviona, hakuna aliyevihesabu, ila trei imejaa. Mimi mtu akiniletea gunia la vyuma kwa maneno hayo, namfukuza.

— Haba na haba hujaza kibaba, — akasema Kinyozi. — Mama Keki, tuanze na kijiko kimoja.

— Na kikipungua? — akauliza Mama Keki. — Nitakuwa nimepoteza kijiko na wewe koti. Maabara, ikipungua inakuwaje?

— Ikipungua, soda inaisha kwanza, na asidi iliyobaki inaendelea kula. Ikizidi, asidi inaisha kwanza, na soda iliyobaki inakaa tu hapo kama vumbi jeupe. Kinachoisha kwanza ndicho kinachosimamisha kila kitu.

— Kama mayai kwenye keki, — akasema Mama Keki. — Unga unaweza kuwa gunia, mayai yakiisha umeisha.

Nilitaka kumkumbatia kupitia dirishani.

— Haya, asidi iliyomwagika ni kiasi gani? — nikauliza, na nikachukua kipande cha boksi na kalamu ya Kinyozi ya kuchorea mstari wa ndevu.

Fundi Betri akafikiri, koti likining'inia mkononi mwake mbali na mwili kama mtoto mwenye nepi chafu.

— Kikombe kimoja cha kahawa. Lakini betri yenyewe ilikuwa imelala, haina chaji. Betri ikilala, asidi yake nayo inalala. Kwa hiyo hata hapo kwenye koti imelala. Tusiiamshe kwa kelele.

Iliniuma kukiri kwamba nusu ya maneno hayo ni kweli. Betri isiyo na chaji ina asidi hafifu zaidi.

— Unaona, — akasema Fundi, akipata nguvu. — Sasa nisikilizeni. Chaja ninayo. Tunabana klipu moja kwenye koti, nyingine kwenye betri, tunageuza waya, asidi inarudi kwao kwa miguu yake. Dawa ya moto ni moto.

— Utamchaji shemeji wa watu, — akasema Mama Keki.

— Akilivaa ataona tofauti. Atatembea haraka.

Nikaandika kwenye boksi. Kikombe kidogo cha kahawa, gramu sitini hivi za maji ya betri. Tuseme theluthi moja ndiyo asidi yenyewe, gramu ishirini. Kwa asidi moja soda mbili, gramu ishirini zinadai soda gramu thelathini na nne na kitu. Nikafuta "na kitu". Nikarudisha. Kisha nikakumbuka kwamba sehemu ya asidi imenywewa na ubao wa benchi, na huenda asidi ya betri iliyolala si theluthi bali robo, nikaanza upya upande wa pili wa boksi.

— Binti, saa tatu na nusu, — akasema Kinyozi.

— Nakaribia. Mama Keki, vijiko vyako viwili ni gramu ngapi?

— Vijiko viwili ni vijiko viwili.

— Leteni kwangu, — akasema Mizani, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alisimama. Akautundika mzani wake kwenye mwimo wa mlango wa Fundi, akalitia kopo la soda kwenye mfuko, akauning'iniza. Sote tukainama kutazama. Mshale haukusogea hata unywele.

— Mzani unasema hakuna soda, — akatangaza.

— Bwana, mzani wako unaanzia nusu kilo, — nikasema.

— Mzani haudanganyi. Kama kitu hakifiki nusu kilo, hicho si kitu, ni fununu. — Akafikiri. — Lakini kuna njia. Tunapima koti. Uzito wa koti likiwa na asidi, toa uzito wa koti likiwa kavu. Kinachobaki ni asidi. Maabara, nimekosea?

Hakuwa amekosea. Hilo ndilo lililonitisha.

— Ila uzito wake likiwa kavu hatuujui, — nikasema.

— Mwenyewe anaujua. Koti ni lake. Kinyozi, mpigie shemeji yako, muulize koti lake lina kilo ngapi.

— Na akiniuliza kwa nini?

— Mwambie una hamu tu ya kujua. Mwenda pole hajikwai.

Kwa mtu mwenye akili iliyotulia, simu ile isingepigwa. Lakini Kinyozi alikuwa na dakika ishirini na tano na koti linalokauka. Akasogea kando, akapiga. Tulisikia upande wake tu.

— Shemeji, habari za asubuhi... Salama kabisa... Nilikuwa nauliza, hili koti, uzito wake... Hapana, uzito wa kilo... Hapana, halinibani... Hakuna lolote, shemeji. Hamu tu.

Akarudi.

— Anasema hajawahi kulipima. Ameniuliza mara mbili kama nimekunywa kitu.

— Mtu hajui uzito wa mali yake, — akasikitika Mizani. — Ndiyo maana anaazimisha.

Hapo Mama Keki akafungua dirisha lote. Alikuwa ameshika kopo kwa mkono mmoja na kijiko kwa mwingine, na uso wake ulikuwa umeamua.

— Nyie mtabishana mpaka huyu kijana azeeke bila mke. Kopo hili hapa. Kama zinahitajika gramu thelathini na nne au mia, zilizopo ni hizi. Mteja wangu leo atakula keki bapa. Nitamwambia ni biskuti ya ukoo.

— Mama, subiri kidogo, — nikasema. — Nikijua kama ni theluthi au robo...

— Maabara, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu, na kwenye hili koti mvumilivu ni asidi. Weka kalamu chini.

Nikaweka kalamu. Fundi akalitandaza koti juu ya kreti la betri, pindo juu. Mama Keki akatoka nje, akanyunyiza soda kama anavyonyunyiza sukari, kwa kuzungusha kifundo cha mkono. Povu likainuka. Likatoa sauti ndogo, kama watu wengi wadogo wanaonong'ona. Mizani alivua kofia. Kijiko cha kwanza kikaisha, povu likaendelea, Mama Keki akamwaga cha pili, akapigapiga kitako cha kopo, akakwangua kwa ukucha, akalipindua juu chini. Povu likachemka, likapungua, likabaki viputo vitatu, kimoja, hakuna.

— Imeisha, — akasema Fundi Betri, kama vile ni yeye aliyeimaliza.

— Hongera, bwana harusi, — akasema Mizani. — Sasa ukaguzi utaupita. Mimi tangu mwanzo nilisema soda.

— Ulisema kilo kwa kilo, — nikamkumbusha.

— Ya soda.

Kinyozi akacheka kwa mara ya kwanza tangu saa tatu. Fundi akakung'uta pindo kwa glavu, na koti lilikuwa zima, buluu yake ileile. Mimi peke yangu nilibaki nimeliinamia lile kopo, nikitafuta hata chembe moja iliyoshika pembeni. Kopo lilikuwa safi kama limeoshwa.

Wakati Kinyozi anaingiza mkono wa kwanza kwenye koti, dada yake akatokea kwenye kona, kwa hatua za mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango. Ni fundi cherehani. Kabla hajasalimia, macho yake yalikuwa yameshashona koti lile mara mbili.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, karibu, — tukajibu kama wanafunzi.

— Mume wangu ameniambia, mdogo wako amepiga simu anauliza koti lina kilo ngapi. Nikasema nije kwa miguu yangu. Geuka.

Kinyozi akageuka. Dada akalipindua pindo, akaona bitana yenye unyevu, akaona weupe kidogo kwenye mshono, akanusa.

— Hii nini?

Tukamweleza sote kwa pamoja. Mizani alieleza uzito, Fundi alieleza usingizi wa betri, Mama Keki alieleza keki yake, na mimi nilieleza mikono miwili ya asidi na askari wake. Dada alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza mtu, akituangalia mmoja baada ya mwingine kama anachagua vifungo.

— Nimeelewa, — akasema. — Mkaweka soda, likatoka povu, povu likakoma. Sivyo?

— Ndivyo.

— Na povu linakoma kimoja kikiisha.

— Ndivyo, — nikasema, nikijua anakoelekea na sina pa kukimbilia.

— Sasa kilichokwisha ni asidi, au soda?

Mizani akarudisha kofia kichwani.

— Kwa mtazamo wangu... — akaanza Mizani, akaishia hapo, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

— Fundi? — akauliza Dada.

— Mimi ni mtu wa umeme.

— Wewe uliyesoma?

— Ungeongeza soda kidogo tu, — nikasema. — Povu likitoka tena, basi asidi bado ipo. Lisipotoka, imekwisha.

— Basi ongezeni.

Mama Keki akampa kopo. Dada akachungulia ndani, akalirudisha kwa adabu.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Kinyozi alisimama mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje.

— Dada, nikikaa wima sana, nisiegemee...

— Vua.

— Mzee wa watu ni mkaguzi.

— Atakagua shati. Shati umelifua mwenyewe na kulipiga pasi mwenyewe, nimeona mistari miwili kwenye mkono mmoja. Akikuuliza, mwambie ndivyo unavyopiga pasi. Vua, mdogo wangu, umechelewa.

Akavua. Bila koti alionekana mwembamba zaidi na, kusema kweli, mdogo zaidi, ila shingo ilikuwa yake, si ya kuazima. Dada alimnyooshea kola, akamkung'uta unga wa soda begani, akamsukuma kidogo mgongoni. Kinyozi akaondoka akitembea upande wa jua, na mistari yake miwili.

Dada alilibeba koti kwa kitanzi chake cha kutundikia, mbali na gauni.

— Nalirudisha mimi, — akasema. — Nikifika nyumbani na koti zima, soda ilitosha. Nikifika na kola peke yake, mtasikia huko huko mliko.

Akaondoka upande wa pili.

— Itatosha, — akasema Mizani alipokuwa ameshakata kona. — Asidi ndiyo iliyokwisha. Mlisikia ile sauti ya mwisho? Ile ni sauti ya kitu kinachokata roho.

— Iliyokata roho ni soda, — akasema Fundi. — Asidi hailii. Ningeisikia, nimeishi nayo miaka tisa.

— Kwa hiyo unakubali asidi ya betri yako bado ipo kwenye koti la watu.

— Sijasema ipo. Nimesema hailii.

— Maabara, amua wewe.

Nikachukua kipande cha boksi. Theluthi, au robo. Mizani akanyoosha kikombe chake dirishani bila kugeuza kichwa, kama afanyavyo kila siku, mkono ukabaki hewani. Fundi naye akaweka chake juu ya kizingiti. Mama Keki akaishika birika, akaipindua juu chini mbele yetu, na tone moja likaanguka kwenye kizingiti, katikati ya vikombe.

— Kilichokwisha ni kahawa, — akasema. — Vikombe vipo.

Kwa hilo tulikubaliana sote.